Kufufua barabara ya kijijini kwa majembe mashariki mwa Kongo

Barabara nyingi za mashamba katika Kivu Kusini na Tanganyika hazikuharibiwa na mabomu. Ziliharibiwa na maji, kwa kuwa vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003 viliwafukuza watu waliokuwa wakizibua mitaro. Mtaro usipozibuliwa msimu mmoja, maji hupanda juu ya njia. Msimu unaofuata huchimba korongo katikati, na baada ya hapo dereva wa Fuso huchepukia shambani kwa watu. Kongo ina takriban kilomita 58,000 za barabara za kitaifa na za mikoa, na takriban 87,000 za kuhudumia mashamba. Hizo za mashamba ndizo zilizoachwa zikaota msitu.

Mwongozo huu ni wa kamati, shirika dogo au mkandarasi wa eneo anayetaka kufungua kilomita 5 hadi 30 bila greda, mahali palipotulia. Mapigano yakirudi, simamisha kazi na uwalipe watu siku zao zote walizofanya.

Kabla ya jembe la kwanza

Tembea njia nzima kwa miguu mara mbili: wakati wa kiangazi, halafu mvua ikiwa inanyesha. Safari ya pili ndiyo yenye faida zaidi, maana utaona kwa macho maji yanaingilia wapi, yanakata njia wapi na yanatokea wapi. Andika kila mahali pa namna hiyo pamoja na umbali wake kutoka mwanzo wa barabara, na pia machimbo ya mawe na moramu (changarawe ya barabara).

Ulizia mabomu na mabaki ya silaha. Kituo cha Kongo cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, ndicho chenye mamlaka ya kusema eneo limesafishwa. Kabla ya kuwafikia, waulize wawindaji, wachoma makaa na akina mama wanaotafuta kuni, kwani hao wanajua palipolala askari. Usidanganyike kwa sababu malori yanapita. Malori hukanyaga katikati, wewe utachimba pembeni. Mfanyakazi akiona chuma asichokijua, asikiguse: apige kelele kazi isimame, arudi kwa kufuata nyayo zake mwenyewe, na alama iwekwe kwa mbali.

Kisha ardhi. Pembeni mwa njia utakuta mihogo, migomba, hata nyumba za waliokimbia vita. Mwenye shamba wa awali huenda alikuwa kambini Nyarugusu, Kigoma, na karudi juzi. Patana naye na anayelitumia sasa, wote wawili, mbele ya shefu wa kijiji, kwa maandishi, kabla ya kukata hata mgomba mmoja. Mara nyingi kusubiri mavuno ni nafuu kuliko kulipa fidia, na ni nafuu zaidi kuliko ugomvi.

Watu na malipo

Chagua wafanyakazi kwa kura ya hadharani, kijiji kwa kijiji, kila kijiji kwa kipande cha barabara kinachopita kwake. Wahamiaji, wenyeji na waliorudi watie majina kwenye kapu moja. Wapiganaji wa zamani wachanganye na wengine; kikosi chao peke yao hubaki kikosi. Tenga nafasi za wanawake kabla ya kura, la sivyo orodha itajaa wanaume watupu.

Malipo yawe kwa kipande, si kwa siku: mtu anapimiwa kazi yake asubuhi, akimaliza anaenda shambani kwake. Bei iwe karibu na kibarua cha shamba cha eneo lile. Ukipandisha mno utawanyang'anya wakulima vibarua wakati wa kupanda. Lipa mbele ya watu, kwa orodha yenye sahihi au dole gumba, siku iliyotangazwa. Malipo yakichelewa wiki tatu, mabeleshi huanza kupotea, na aliyeyachukua ataona amejilipa.

Usiwachanganye watu kwa salongo. Salongo ni kazi ya kujitolea na inafaa kufyeka majani. Kuchimba mtaro wa kilomita kwa salongo huishia mita 200.

Umbo la barabara

Upana wa mita 5 unatosha. Pigilia vigingi kwa mstari pande zote mbili, fyeka, ng'oa visiki, kisha toa udongo mweusi wa juu na uutupe nje kabisa. Udongo wenye mizizi ukiingia katikati ya barabara huoza na kutitia.

Sawazisha kitako, ndipo uchimbe mitaro ya kando: chini sentimita 50, juu sentimita 130, kina sentimita 30. Mita moja ya mtaro kama huo hutoa mita za ujazo 0.27, na pande mbili 0.54. Mgongo wa barabara wenye kimo cha sentimita 20 katikati unahitaji takriban 0.5 kwa kila mita, kwa hiyo udongo unaochimbwa unatosha bila kuleta mwingine. Katika udongo wa kawaida, kipande cha mita 5 pande zote mbili, yaani mita za ujazo 2.7, ni kazi ya siku ya mtu mmoja. Kilomita moja itakula siku-mtu 200 kwa mitaro peke yake. Kwenye udongo mgumu wa sururu punguza kipande, usipunguze malipo.

Udongo wa mtaro hutupwa ndani, kwenye mgongo. Kapita (msimamizi wa kazi) asiyesimamia atakuta umetupwa nje, kwa kuwa huko ni rahisi zaidi, na umekuwa tuta linalozuia maji ya mlimani yasiingie mtaroni.

Kupima mgongo, tengeneza ubao wa mita 2.5 wenye mguu wa sentimita 20 upande mmoja. Weka mguu ukingoni na ncha nyingine katikati ya barabara, juu yake weka pimamaji. Kiputo chake kikitulia katikati, mteremko ni asilimia 8. Magari yataushindilia mpaka asilimia 5 au 6, na ndiyo maana unaanza juu. Ukianza na 5 utaishia na barabara bapa inayotuamisha maji.

Shindilia kwa tabaka zisizozidi sentimita 15 za udongo uliolegea. Unyevu pima kwa kiganja: finya udongo, ushikane kama tonge la ugali na usikuachie maji mkononi. Ukimomonyoka, mwagia maji. Ukinata, subiri jua. Kazi hii panga mwanzo au mwisho wa mvua. Juni hadi Agosti vumbi halishiki.

Kuyatoa maji

Mtaro wa kando ukibeba maji mbali sana unageuka mto, kwa hiyo kata michepuo ya kuyatoa kwenda porini kabla hayajapata nguvu. Umbali wa juu kati ya mchepuo na mchepuo, kulingana na mwinuko wa barabara:

asilimia 12: mita 40
asilimia 10: mita 80
asilimia 8: mita 100
asilimia 6: mita 120
asilimia 4: mita 150, ila 100 ni bora
asilimia 2: mita 80
chini ya 2: mita 50

Tambarare zinahitaji michepuo ya karibu kwa sababu maji yaendayo polepole huacha matope. Mchepuo uwe na mteremko wa asilimia 2 hadi 5 na utoke kwa mshazari, si kwa pembe mraba. Muulize mwenye shamba unakoishia. Asiporidhika, ataufukia usiku.

Mwinuko ukifika asilimia 5, jenga ndani ya mtaro vizuizi vya mawe au vijiti: kila mita 20 kwa asilimia 5, mita 10 kwa asilimia 7, mita 6 kwa asilimia 10. Kizuizi kiwe chini katikati na juu pembeni. Wengi hukijenga bapa, maji yanakizunguka na kula ukingo wa barabara.

Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, liwe la kipenyo cha sentimita 60 au zaidi. La 40 linaziba, na hakuna awezaye kuingiza beleshi ndani. Pete moja ya zege ya kipenyo cha 60, urefu wa mita 1 na ukuta wa sentimita 7.5, hula mita za ujazo 0.16 za zege, takriban mfuko mmoja wa saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na uzito wake ni karibu kilo 380. Zifinyange karibu na barabara na uzimwagie maji siku 7 kabla ya kuzisogeza. Pete 7 zinatosha kwa njia ya mita 5. Kitako kishuke asilimia 3, yaani sentimita 21 kwa mita 7. Fukia pande zote mbili kwa pamoja ili pete zisisukumwe, na juu yake kubaki sentimita 45 za udongo ulioshindiliwa. Pungufu ya hapo, lori la kwanza la mbao litalipasua. Mdomo wa chini uzungushie mawe yaliyopangwa, maana ndipo makorongo huanzia.

Moramu weka mahali korofi tu: tope jeusi, bonde na milima mikali. Kilomita moja ya upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 750, safari 150 za lori la mita za ujazo 5. Fedha hiyo hujenga makalavati mengi.

Baada ya kufungua

Mkataba wa matunzo usainiwe kabla ya kazi kuanza, na fedha ya walau miaka 2 itengwe kwenye bajeti ileile. Mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, FONER, upo tangu 2008, lakini njia ya mashamba isiupangie foleni. Weka kantonye (mtunza barabara) mmoja kwa kila kilomita, alipwe kwa hali ya kilomita yake inapokaguliwa, si kwa siku alizofika. Kabla ya mvua azibue makalavati na michepuo. Mvua ikinyesha atembee na jembe. Mvua ikiisha arudishe mgongo palipobonyea.

Weka pia kizuizi cha mvua kila mwisho wa barabara, mti au mnyororo, kifungwe mvua inaponyesha na kwa saa kadhaa baadaye, hadi uso ukauke. Lori moja lililojaa kwenye udongo mbichi huharibu kazi ya wiki nzima. Shida ni kwamba Kivu imejaa vizuizi vya watu wenye silaha wanaodai pesa, na dereva hatofautishi. Kwa hiyo bandika ubao kwa Kiswahili na Kifaransa: saa za kufunga, jina la kamati, na maneno HAKUNA MALIPO. Mlinzi alipwe na kamati kila mwezi. Asipolipwa, mwezi wa pili ataanza kuwatoza madereva.