Somo: Kufufua mashua kuukuu kwa vipande vya vyombo vilivyoachwa

Wengi hukata tamaa wakisikia bei ya mbao mpya. Tangu Nungwi, Unguja, hadi Matondoni, Lamu, kuna vyombo vilivyopandishwa pwani vikaachwa, na ndani yake mna miti ambayo leo kuipata ni kazi.

Hatua ya 1: Mtafute mwenyewe. Hata chombo kilichozama matopeni kina mwenyewe, au warithi. Huku Zanzibar anzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mpatane bei, muandikiane.

Hatua ya 2: Nenda wakati wa bamvua. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu maji hutoka sana; Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4, na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, uliofukiwa huonekana. Maji mafu, yaani siku ambazo hayatoki sana, yatakuonyesha ubavu tu.

Hatua ya 3: Mataruma, yaani mbavu za chombo. Hii ndiyo hazina. Taruma zuri limekatwa kwenye mti uliojipinda wenyewe, kwa hiyo nyuzi za mti zinafuata kombo. Ukilichonga kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika na litapasuka palepale penye kombo. Chukua waya mzito, upinde ndani ya mashua yako kwa kila taruma bovu, tia namba, kisha nenda ukalinganishe.

Lililolingana lichunguze. Choma kwa ncha ya bisibisi kandokando ya msumari: ukiona duara jeusi na ncha inazama, kutu imeshaula mti. Halafu kata kipande chembamba mwishoni mwa taruma. Wadudu wa baharini huacha nje kitundu kidogo sana, lakini ndani utakuta mashimo mapana yaliyopakwa ganda jeupe. Hilo liache, hata kama umbo lake linakupendeza.

Hatua ya 4: Mlingoti na foramali, ule mti wa kufungia tanga. Ufa unaokwenda na urefu wa mti si neno. Ufa unaokatisha, usichukue kabisa. Kapi za mbao, nanga na usukani chukua. Kamba na tanga waachie wenyewe.

Maswali

— Shikamoo fundi. Misumari ya zamani nikiinyoosha haifai? (Pangani)
Marahaba. Haifai. Imeshaliwa katikati, pale usipopaona. Nunua mipya iliyopakwa zinki.

— Asalaam alaykum. Nimepata bolti za shaba, nizitie kwenye mkuku wenye misumari ya chuma? (Lamu)
Waalaykum salaam. Usizichanganye ndugu yangu. Shaba na chuma zikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, tena haraka. Ziweke kwa chombo ambacho misumari na bolti zake zote ni za shaba.

— Mbao nimezitoa majini jana, nizianike juani zikauke upesi?
Zitapasuka. Ziweke kivulini, zipate upepo, zikauke polepole. Kalafati (kuziba nyufa za mbao) na deheni (mafuta ya kupaka chombo) vitafuata baada ya hapo, si kabla.