Namna ya Kuufahamu Utamaduni wa FKK Kabla ya Kufika Ufukweni

Mtu anayehamia Ujerumani kwa masomo au kazi hukutana mapema na herufi FKK, zilizoandikwa kwenye kibao kando ya ziwa au kwenye ramani ya fukwe za Bahari ya Baltiki. Ni kifupi cha Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili huru: kuoga na kuota jua bila nguo. Kabla ya kuamua kushiriki au kujiepusha, anza na historia yake, kwa maana kanuni zote utakazozikuta huko zimetokana nayo.

Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya viwanda ilijaa moshi na kifua kikuu, na watu wengi waliishi katika vyumba visivyofikiwa na jua. Ndipo likazuka vuguvugu la Lebensreform, yaani mageuzi ya maisha, lililohimiza ulaji wa mimea, kuacha pombe, mavazi yasiyobana na kuota jua bila nguo. Chama cha kwanza cha FKK kiliundwa katika mji wa Essen mwaka 1898. Historia hii ina doa ambalo msomaji Mwafrika hapaswi kufichwa: baadhi ya waasisi, akiwemo Richard Ungewitter, waliichanganya falsafa hiyo na ubaguzi wa rangi. Ninayemheshimu mimi ni Adolf Koch, mwalimu msoshalisti wa Berlin, ambaye katika miaka ya 1920 alifungua shule za mazoezi ya viungo kwa ajili ya familia za wafanyakazi, akiamini kwamba nguo zikivuliwa, tofauti ya tajiri na maskini haionekani tena. Wanazi waliukandamiza utamaduni huo mwaka 1933. Baada ya vita, Ujerumani ilipogawanyika, shirikisho la vyama vya FKK, liitwalo DFK, liliundwa mwaka 1949 upande wa magharibi. Upande wa mashariki serikali ilijaribu kuzuia uogaji wa uchi, wananchi wakakaidi, na mwaka 1956 ikakubali kutenga maeneo maalumu.

Kiini cha falsafa hiyo ni kutenganisha utupu na tamaa, na ndiyo maana adabu yake ni kali kuliko mgeni anavyodhani. Ukifika, soma kibao kwanza, kwa kuwa fukwe za wanaovaa nguo huitwa Textilstrand na mara nyingi zimepakana na zile za FKK. Tandika taulo lako kila unapoketi. Ndani ya sauna, chumba cha joto kali ambako pia watu huingia uchi, taulo lazima lifike hadi chini ya miguu, jasho lisidondokee mbao. Simu na kamera zibaki ndani ya mkoba. Salimia kama kawaida, ukimtazama mtu usoni, wala usimkodolee macho. Anayebaki na nguo zote huku akiwatazama waliovua ndiye anayeonekana kukosa haya.

Uwe mwangalifu na matangazo ya “FKK-Club”, kwani madanguro mengi hujificha nyuma ya jina hilo. Unapotafuta chama halisi, chagua kilicho chini ya DFK, ambako utakuta familia nzima, viwanja vya voliboli na wazee wanaopanda maua.

Wala hakuna anayelazimishwa. Wenzako wa kazini wakikualika sauna na moyo wako hauridhii, waambie wazi kwamba kwa malezi yako hilo ni jambo la stara. Wajerumani hulipokea jibu la moja kwa moja bila kinyongo. Mwanamke anayetaka kwenda bila kuchangamana na wanaume aulizie Damensauna, siku ambayo sauna nyingi huwatengea wanawake peke yao.