Giaboksi ya Otomatiki Ishike Gia Upesi: Springi za Akumuleta kwenye Toyota A340

Ukitoka kwenye mzunguko na kukanyaga ekseleta, injini inapaa, kisha gia ya pili inaingia polepole kama mtu anayevuta mguu. Wahandisi wa Toyota walikusudia hivyo, ili abiria asihisi gia zikibadilika. Anayelipia ulaini huo ni klachi iliyomo ndani ya giaboksi. Muda wote ambao gia inaingia, sahani zake zinasuguana na kuchemsha oili. Kazi hii, ya kubadilisha springi za akumuleta (pistoni ndogo zinazolainisha kuingia kwa gia), inapunguza muda huo. Gia ikishika upesi, klachi hudumu. Ikishika kwa teke la kutikisa gari zima, umepita kiasi, na teke hilo litaishia kwenye mpira wa kushikilia giaboksi na kwenye viungo vya propela shafti.

Maelezo haya ni ya giaboksi za A340E na A340F, zilizomo kwenye Surf, Mark II na Crown nyingi za miaka ya 1990. Prado 120 yenye A750F haifuati njia hii. Gari la CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) halina gia za kuharakishwa, liache lilivyo.

1. Hakikisha giaboksi ni nzima

Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, simama hapo: klachi zimekwisha na hakuna springi itakayozirudisha.

Oili ikiwa safi, pima muda. Pasha gari moto, vuta hendibreki, kanyaga breki, kisha injini ikiunguruma bila ekseleta toa gia N uingize D. Kutoka hapo hadi gari listuke isizidi sekunde 1.2. Kutoka N hadi R isizidi sekunde 1.5. Rudia mara tatu, kila mara ukipumzisha dakika moja, uchukue wastani. Muda ukizidi, shinikizo liko chini au klachi zimechakaa, na hilo hutibiwa kwanza.

2. Rekebisha kebo ya throto kabla ya kufungua chochote

Kebo hii hutoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) hadi kwenye kamu iliyo ndani ya valvu bodi, sehemu yenye valvu zinazogawa oili ya giaboksi. Kadiri inavyovutwa ndivyo shinikizo la oili linavyopanda. Ikilegea, gia huwa laini na huteleza. Ikikazwa mno, gia hugonga hata ukitembea pole kwenye jamu ya Waiyaki Way.

Mwambie mtu akanyage ekseleta hadi chini, na uhakikishe kwa macho kwamba throto imefunguka kabisa. Hapo angalia nafasi kati ya mwisho wa mpira wa kebo na kizuizi kilichobanwa kwenye waya. Iwe kati ya milimita 0 na 1. Geuza nati mbili hadi ipatikane, kisha zikaze.

Wako mafundi wanaoivuta kebo zaidi ya hapo kwa nia ya kuipa gia nguvu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kebo huongeza shinikizo kila mahali na kufanya kila gia igonge, ilhali tunachotaka ni kupunguza muda wa kuteleza wa gia mbili. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, injini isiyo na tabo hukosa hewa, dereva hukanyaga zaidi, na kebo hufanya kazi kubwa kuliko ingefanya Mombasa. Kosa dogo la kebo linaonekana wazi. Endesha siku mbili ukiwa na kipimo sahihi. Ukiridhika, kazi imeisha na hujatumia hata shilingi.

3. Vifaa

Seti ya TransGo ya A340 (ndiyo yenye springi mpya), filta, gasketi ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi), ringi mpya za pistoni za akumuleta na lita 6 za oili. Nyingi ya hizi unatafuta Kirinyaga Road au Industrial Area. Oili iwe ya aina inayotajwa kwenye kijiti au kitabu cha gari, kwa nyingi za hizi ni Dexron, na iwe kwenye chupa iliyofungwa na kiwanda. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiiguse. Toki renchi ndogo ni lazima, kwa sababu boliti za humu hukazwa kwa Nm (niutoni mita) 10 na mkono hauna kipimo hicho.

4. Kushusha valvu bodi

Gari likae juu ya stendi nne. Toa terminali hasi ya betri, mwaga oili, shusha sampu. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Mirija ya oili inyanyue kwa bisibisi pana pande zote mbili pole pole, ikipinda haifai tena. Chomoa soketi za solenoidi (valvu za umeme), na ukiwa hapo pima solenoidi namba 1 na 2: zisome ohm 11 hadi 15. Toa waya wa kebo kwenye kamu. Boliti zina urefu tofauti, kwa hiyo chora valvu bodi kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila boliti mahali pake. Boliti ndefu ikiingia tundu fupi hupasua kesi ya alumini.

5. Akumuleta

Hapa ndipo siku inapotea, basi usiwe na haraka.

Akumuleta ni pistoni yenye springi inayokaa kwenye njia ya oili iendayo kwenye klachi. Oili ikija kubana klachi, sehemu yake huishia kusukuma pistoni hii, na mpaka pistoni ifike mwisho klachi haibanwi kikamilifu. Ukiweka springi ngumu zaidi, shinikizo la klachi hupanda upesi. Ukweli wote wa kazi hii uko hapo.

Ziko nne: B2, C2, B0 na C0 (B ni breki na C ni klachi za ndani ya giaboksi). B2 inahusu gia ya kwanza kwenda ya pili. C2 inahusu ya pili kwenda ya tatu. B0 inahusu ya tatu kwenda ya nne. Kwa gari la matumizi ya kila siku, badilisha springi za B2 na C2 tu. Gia ya nne huingia ukiwa umetulia barabarani na ekseleta iko juu, na ukali kidogo tu pale unachosha kila aliye ndani ya gari. C0 iache.

Kabla ya kugusa, piga picha. Kisha funika kila pistoni kwa kitambaa na upulize hewa ndogo, kama 15 psi, kwenye tundu lake. Ukiweka hewa ya kujazia magurudumu, pistoni itaruka kama risasi na kuumia ukingo. Ikitoka, andika kwenye karatasi: jina, springi ngapi, rangi, urefu wake ikiwa huru kwa kipimo cha vanieli, na kama springi ilikuwa juu au chini ya pistoni. Jambo hili la mwisho ndilo linalokosewa zaidi. Pistoni hazielekei upande mmoja zote, na iliyogeuzwa itaingia vizuri kabisa, valvu bodi itafungika, nawe utagundua barabarani.

Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, oili itavuja pale hata ukiweka ringi mpya. Loweka ringi kwenye oili ya giaboksi, zivishe bila kuzipindisha, na pistoni iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikihitaji nyundo, ringi imebanwa. Ya kushikilia vitu visidondoke ni vaselini, kwa sababu huyeyuka ndani ya oili. Grisi haiyeyuki, itaziba tundu.

Usizibe akumuleta kwa washa au kipande cha bomba ili pistoni isitembee kabisa. Gia itaingia kama nyundo, na hakuna namna ya kuipunguza bila kushusha kila kitu upya.

6. Sahani na mipira midogo

Ukitenganisha valvu bodi, igeuze ili sahani ya katikati iinuke pamoja na upande wenye mipira midogo inayofungua na kuziba njia za oili. Mipira ikidondoka hujui ilikotoka. Mipira ya raba iliyochakaa au yenye alama ya tundu ibadilishwe kwa kipenyo kilekile.

Seti huelekeza kupanua baadhi ya matundu ya sahani. Anza na kipimo kidogo kabisa kinachotajwa, toboa sahani ikiwa imelazwa juu ya ubao, na uondoe makali pande zote mbili. Tundu lililopanuliwa halirudi.

7. Kurudisha

Pini ya lever ya gia iingie kwenye mfereji wa valvu ya mkono, ile inayosogezwa na lever hiyo, la sivyo gari litakaa N milele. Usisahau kale kavalvu kadogo kenye mpira na springi kanakokaa kati ya valvu bodi na kesi. Kaza boliti za valvu bodi kwa Nm 10 ukianzia katikati, na za sampu kwa takriban Nm 7. Tumia gasketi, si silikoni: inayozidi hukatika ndani na kuishia kwenye filta.

Weka oili kiasi kama kile kilichomwagika, washa, pitisha gia zote, ongeza kidogo kidogo. Kipimo cha mwisho kinachukuliwa oili ikiwa na nyuzi 70 hadi 80, injini ikiunguruma, gia ikiwa P.

8. Barabarani

Southern Bypass mapema asubuhi inafaa. Jaribu ekseleta robo, kisha nusu, kisha yote. Injini ikipaa kati ya pili na tatu, rudi kwenye C2: ringi imebanwa au pistoni imegeuzwa. Teke likiwa kwenye pili peke yake, springi ya B2 ni ngumu mno, rudisha ya zamani. Gia ya nne isipoingia injini ikiwa baridi, subiri ipate moto, kompyuta huizuia makusudi. Gari likistuka ukitoa N kuingia D, akumuleta hazina kosa: angalia mizunguko ya injini isipokanyagwa ekseleta na mipira ya kuishikilia injini.

Kwa anayepanda Mai Mahiu na mzigo, ongeza kipoozaji cha oili kwenye bomba linalotoka kwenye rejeta kurudi kwenye giaboksi, mbele ya rejeta panapopata upepo. Kagua oili baada ya kilomita 500, na tazama chini ya sampu kama kuna tone.