Somo: Kupima mwanga wa alfajiri, mfano wa Kilimanjaro kutoka Amboseli

Ndugu wanachama, vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua huchomoza kwa mshazari na mwanga wa dhahabu huweza kukaa saa nzima. Kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, digrii moja kila dakika nne au hivi, kwa hiyo mwanga ule laini huisha kabla ya nusu saa, na anayengoja jua litokeze ndipo aanze kuhangaika na vitufe huwa amekwisha kuchelewa.

Hatua ya kwanza: jiandae gizani. Kwa kuwa katika hifadhi ya Amboseli, iliyo Kenya kaskazini mwa mlima, hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, mimi huweka kwenye ukingo wa dirisha mfuko mdogo uliojazwa maharage, nikailaza lenzi juu yake, kisha nikamwomba dereva azime injini. Elekea kusini, vilele viwili vya Kilimanjaro vikiwa mbele yako, Mawenzi kushoto na Kibo kulia; jua litapiga mlima kutoka ubavuni, na mwanga wa ubavuni ndio unaochora mabonde na matuta yake.

Hatua ya pili: amua hisia kabla ya kupima. Kipimamwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, hivyo hufifisha vyeupe na kung'arisha vyeusi bila kujua wewe unataka nini. Asubuhi yangu ya kwanza pale niliiachia kamera iamue yenyewe, na ukungu uliokuwa mweupe kama tui ukatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Ukungu na theluji huhitaji kuongezewa mwanga, stopu moja hadi moja na nusu (kuongeza stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, na kupunguza stopu moja ni kuugawa nusu). Migunga unayotaka ibaki kivuli cheusi mbele ya anga jekundu huhitaji kupunguziwa kiasi hichohicho au zaidi.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, hupata jua dakika kadhaa kabla ya mbuga iliyo chini yake. Katika dakika hizo pima kwenye theluji peke yake, uongeze stopu moja, upige: theluji itabaki na uwaridi wake, nyanda zitazama gizani, na mlima utaonekana umening'inia hewani bila kushikwa na kitu. Sasa ongeza stopu mbili nyingine. Majani yataonekana, hata tembo walio mbali, lakini kilele kitakuwa karatasi tupu na ule ukimya utakuwa umetoweka. Mahali ni palepale na dakika ni ileile.

Hatua ya nne ni fupi: usiiache kamera isawazishe rangi yenyewe, kwa maana itauona wekundu wa alfajiri kuwa kasoro na kuuondoa. Iweke kwenye alama ya jua.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, je, somo hili linanihusu?

Marahaba. Linakuhusu sana. Gusa kioo palipo na theluji, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kidole chini hadi uone mistari ya theluji inarudi.

Mlima ukifunikwa na mawingu tufanyeje?

Mara nyingi hufunikwa kabla ya adhuhuri, basi usiugombanie. Rudi jioni, ulielekee jua wakati mifugo au tembo wanatimua vumbi, na upunguze stopu moja ili vumbi liwake na miili ibaki myeusi.

Kwa nini nisipige vyovyote, nikarekebisha kwenye kompyuta?

Ukihifadhi faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata) unaweza kuinua giza kwa kiasi kikubwa, ijapokuwa chengachenga, yaani vidoadoa vya rangi, zitajitokeza. Theluji iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga ikawa nyeupe tupu, haina njia hiyo, kwa sababu pale kamera haikuandika chochote cha kurudishwa.