Kuitia filamu fupi muziki: tujifunze kwa Satyajit Ray

Filamu fupi nyingi ninazoletewa hapa Mjini Unguja ili nizihariri huwa zimejazwa muziki tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yangu ya kwanza huwa ni kuuondoa. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa Unguja na Pemba wanaotaka kujua muziki uingie wapi, na mwalimu niliyemchagua ni Satyajit Ray (1921–1992), mwongozaji wa filamu kutoka Kolkata, India.

Hatua ya 1: Tazama filamu zake kwa kufuata miaka. Pather Panchali ya 1955 ilitungiwa muziki na Ravi Shankar, na Jalsaghar ya 1958 ikatungiwa na Vilayat Khan, wote wawili mafundi wakubwa wa sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi; lakini kuanzia Teen Kanya ya 1961 Ray aliishika kazi hiyo mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye taarab hatuoni ajabu: fundi mkubwa wa ala huviachia vidole vitembee kadiri roho inavyomtuma, ilhali tukio la filamu hupimwa kwa sekunde.

Hatua ya 2: Rudi kwenye Pather Panchali, na hapa usiwe na haraka. Harihar anarejea nyumbani baada ya safari ndefu, hajui kwamba binti yake Durga amekufa, naye anamkabidhi mkewe, Sarbajaya, sari aliyomnunulia mtoto huyo. Mama anaangua kilio, lakini sauti yake hatuisikii. Badala yake inapanda sauti kali ya tar shehnai, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na ambayo mlio wake unakaribia ule wa zumari. Litazame tukio hilo mara tatu: kwanza kama lilivyo, kisha ukiwa umezima sauti, na mwisho ukiwa umefumba macho. Ukilitazama bila sauti utaona kwamba uso wa mama peke yake umekwisha kulisema jambo lote, kwa hiyo ala haikuletwa ili kumwamuru mtazamaji ahuzunike, bali imeshika nafasi ya sauti iliyoondolewa.

Hatua ya 3: Chagua ala moja ya kwetu. Katika filamu ya familia ya wavuvi niliyoihariri, nilianza kwa kumtilia ganuni mama aliyefiwa, nikashindwa, kwa kuwa uzi uliodonolewa hulia mara moja ukafifia, na kilio kinataka pumzi inayovutwa. Fidla na nai, yaani filimbi ya mwanzi, zinaiweza kazi hiyo. Wimbo wa taarab wenye maneno uuepuke katika tukio kama hili, hata ukiwa mzuri kiasi gani, maana msikilizaji wa Kizanzibari ataanza kulifumbua fumbo la shairi na kuiacha picha.

Hatua ya 4: Mpigaji aone tukio kabla ya kupiga, na umweleze urefu wake kwa sekunde. Rekodi baina ya sala mbili, kwani Mji Mkongwe adhana hutoka misikiti mingi kwa pamoja.

Hatua ya 5: Wakati wa kuhariri, sauti ya mwigizaji izime kabisa, usiipunguze tu, kwani vilio viwili vikisikika pamoja hushindana. Fidla inaponyamaza, usiweke muziki mwingine. Katika filamu kama ile ya wavuvi, acha bahari ya ufukweni isikike mpaka mama ainue uso.