Pete, saa na bangili: cha kuvua kabla ya zamu, na pa kukiweka

Wauguzi wapya wanaporipoti kituoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hunivuta pembeni na kuniuliza: "Sista, na hii pete ya ndoa je?" Mimi ni mkunga, nasimamia wodi ya wazazi, na jibu langu ni vua. Ila kumwambia mtu avue halafu ukaenda zako ni kumwachia mzigo njiani. Pete ikishatoka kidoleni inataka pa kukaa. Saa ikitoka mkononi, mapigo bado yanatakiwa kuhesabiwa. Na mume nyumbani naye anataka kueleweshwa. Nimeona wengi wakiikubali kanuni darasani na kuivunja wodini kwa sababu hizo tu, basi hayo ndiyo nitakayoyaandika kwa urefu.

Mpaka ni kiwiko

Kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, usivae kitu ukiwa unahudumia mgonjwa. Hapo nahesabu pete, saa, bangili, kikuku cha shanga, rozari ya mkononi, uzi wa kinga uliofungwa na bibi, na kucha za bandia. Kucha zako mwenyewe ziwe fupi, chini ya nusu sentimita. Hospitali za Uingereza zilianza kusisitiza mikono mitupu chini ya kiwiko mwaka 2007, na mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unashauri kwa nguvu pete na mapambo yasivaliwe wakati wa kuhudumia. Mwongozo huo unaacha upenyo mmoja: pale ambapo dini au mila inambana mtu sana, pete ya ndoa isiyo na nakshi inaweza kuvumiliwa katika huduma za kawaida. Chumba cha upasuaji hakina upenyo huo. Huko kila kitu kinavuliwa kabla hujaanza kunawa.

Upenyo huo mimi naupeleka kwenye meza ya kuandikisha na kwenye chumba cha kadi. Leba siupeleki, wala kwa watoto wachanga, wala kwenye kufunga vidonda. Mkono unaopima njia, unaoingia kutoa kondo la nyuma lililogoma, unaoshika kitovu kibichi cha mtoto, uwe mtupu.

Sababu iko kwenye kunawa. Kunawa kwa maji na sabuni kunachukua sekunde 40 hadi 60, kwa kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30, na muda wote huo ngozi iliyo chini ya pete haisuguliwi. Inabaki na unyevu, na waliopima wamekuta vijidudu vingi zaidi chini ya pete kuliko kwenye ngozi ya vidole visivyo na pete. Ni kweli kwamba ni vigumu kuthibitisha kuwa pete ya muuguzi fulani ndiyo iliyompa mama fulani homa ya uzazi. Lakini mimi sihitaji ushahidi huo ili nivue kitu ambacho hakimsaidii mgonjwa kwa lolote.

Pete yenye kijiwe ina neno lake zaidi. Inatoboa glovu, na tundu dogo hulioni hadi unapovua na kukuta kidole kina damu. Ikiwa una mchubuko hapo, umeingia kwenye hesabu za virusi vya UKIMWI na homa ya ini B. Osha kwa maji na sabuni, toa taarifa saa hiyo hiyo, na dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72.

Kuna wanaokuja kunionyesha vipele chini ya pete wakidhani ni fangasi. Hapa kwetu upepo wa Juni na Julai unakausha ngozi hadi inapasuka, halafu sabuni na maji ya Jik yanabaki yamejificha chini ya pete mchana kutwa. Klorini hiyo hiyo inaila hata pete yenyewe, maana dhahabu ya sonara imechanganywa na madini mengine. Vua pete, na vipele vingi vitaondoka vyenyewe. Kwa ngozi iliyopasuka, paka losheni isiyo ya mafuta ukiwa kazini, na mafuta ya mgando uyaache ya usiku nyumbani, kwa kuwa yanadhoofisha glovu za mpira.

Pa kuiweka

Pa kwanza na pazuri ni nyumbani. Weka kikopo kimoja mahali pamoja, na uvue kabla hujavaa sare. Anayevua akiwa ameshafika wodini huvua kwa haraka, huku mama analia kitanda namba tatu, na pete inayovuliwa kwa haraka ndiyo inayopotea.

Kama unatoka mbali, tuseme Nzuguni au Nkuhungu, na hupendi kutembea bila pete njiani, vua kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Itie kwenye pochi yenye zipu, pochi iingie kwenye mkoba, mkoba ufungiwe kabatini. Kama kabati hakuna, choma pini ndani ya mfuko wa sare na uipitishe kwenye pete. Usiitupie mfukoni hivi hivi, utainama kuokota kitu na yenyewe itabaki sakafuni. Usiiweke dirishani wala kwenye ukingo wa sinki. Na nawasihi sana, msiifunge kwenye kidole cha glovu na kuiacha mezani. Mwenzako ataiona glovu iliyotumika, ataitupa kwenye ndoo ya taka hatarishi, na hapo hakuna mtu atakayeingiza mkono kuitafuta.

Wengine huitundika kwenye mkufu ndani ya sare. Kwa kliniki sina ugomvi, mradi mkufu ni mfupi na hautoki ukiinama. Kwa leba sikubali: mama akishikwa na uchungu hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni shingo yako. Kwa wanaohudumia wagonjwa wa akili iwe mwiko kabisa, hata kamba ya kitambulisho iwe ile inayoachia yenyewe ikivutwa.

Pete za mpira laini zinazouzwa siku hizi hazibadilishi kitu. Unyevu unabaki chini yake vile vile.

Saa

Muuguzi bila saa hafanyi kazi. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ni 110 hadi 160 kwa dakika, na pumzi za mtoto mchanga ni 30 hadi 60, na zote zihesabiwe dakika nzima, siyo kukisia. Nunua saa ya kubandika kifuani yenye mshale wa sekunde, na uifute kwa spiriti kila mwisho wa zamu. Usipoipata, dai saa ya ukutani kwenye chumba cha kujifungulia. Simu usiitumie kwa hilo. Imepita sokoni, kwenye daladala na mikononi mwa watoto, na ukiishika katikati ya kazi umerudisha ulichokinawa.

Mume, mama mkwe na kanisa

Hapa ndipo penye uzito, na sipendi wasimamizi wanaopapitia juu juu. Pete ile alivalishwa mbele ya watu. Kuna waume wanaohoji, na kuna wagonjwa wa kiume wanaojisahau wakikiona kidole kitupu. Usingoje hadi mume aulize. Mweleze mapema, mkiwa mmetulia, kwa mambo anayoyajua: unachoshika siku nzima, na kwamba usingependa uje nacho hadi kwenye sahani ya mtoto wenu. Mwenzetu mmoja mume wake ni fundi ujenzi. Alipoelezwa alisema hata yeye haivai akikoroga zege, na maneno yakaishia hapo. Mkubaliane ivaliwe lini: jioni, Jumapili, kwenye sherehe. Mgonjwa anayekuzoea vibaya mwambie wazi kwamba una mume. Mdomo unatosha kwa kazi hiyo.

Bangili ya mama mkwe ni hivyo hivyo. Iheshimu kwa kuivaa siku ukienda kumsalimu.

Masikioni, hereni ndogo za kubana zinaruhusiwa. Zinazoning'inia ziache, mtoto wa mwaka mmoja atakuonyesha kwa nini. Kipini cha pua kilichopona na hukichezeichezei sina neno nacho. Hijabu haina tatizo, mradi mikono ya nguo ipande hadi kiwikoni wakati wa kunawa. Hina ya kawaida haizuii kunawa. Piko iangalie, inawababua wengine, na ngozi iliyobabuka haifai kazini.

Pete iliyogoma kutoka

Inua mkono juu ya moyo dakika chache, uchovye kwenye maji baridi, upake sabuni ya maji, kisha izungushe taratibu badala ya kuivuta. Ikigoma, chukua uzi mrefu wa kushonea. Penyeza ncha moja chini ya pete ielekee kiganjani, halafu uzi uliobaki uuzungushe kwenye kidole kwa kubana, mzunguko ukigusana na mzunguko, kuanzia kwenye pete hadi uvuke kifundo. Sasa shika ile ncha ya upande wa kiganja, uifungue ukiivuta kuelekea kwenye kucha. Pete itapanda pole pole juu ya uzi. Kidole kikibadilika rangi au kikifa ganzi, acha mbinu zote, ikatwe. Sonara anaiunga na kuipanua, kidole hakiungwi.

Kwenu wasimamizi

Msimwambie mtu avue mbele ya wagonjwa. Mwite pembeni. Na kabla hamjakagua vidole, kagueni bomba. Siku za mgao wa maji ndoo yenye koki iwe imejaa, sabuni iwepo, kitakasa mikono kiwepo kila chumba. Kidole kitupu kisichopata sabuni hakijamlinda mtu.

Mkague na vidole vya akina mama wenyewe. Mjamzito aliyelazwa kwa presha avue pete siku ya kwanza, kabla mikono haijavimba. Anayekwenda upasuaji avue zote, kwa kuwa chuma kwenye ngozi kinaweza kumuunguza pale mashine ya kukaushia damu kwa umeme inapotumika. Mkabidhi ndugu yake pete hizo mbele ya shahidi, andika kwenye faili, ndugu asaini. Na uandike "pete moja ya rangi ya dhahabu". Usiandike "pete ya dhahabu", wewe si sonara.