Kuunganisha Kadi Mbili za Mtandao Kwenye Seva ya Ubuntu

Seva yenye kadi moja ya mtandao inategemea kebo moja, poti moja na swichi moja, na kimojawapo kikifa watumiaji wote hukatika hata kama diski na kichakataji ni vizima. Kernel (kiini cha mfumo) ya Linux ina moduli ya bonding inayoziunganisha kadi mbili au zaidi zionekane kama kadi moja yenye anwani moja ya IP. Mwongozo huu unatumia Ubuntu Server yenye Netplan, yaani programu ya Ubuntu ya kupanga mtandao, na kadi mbili za gigabiti 1 ziitwazo enp3s0 na enp4s0.

Hatua ya 1: Chagua modi kabla ya kugusa faili lolote

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Modi, yaani namna bondi inavyozitumia kadi zake, ziko saba, lakini kwa seva nyingi uchaguzi hubaki kati ya mbili.

Modi ya active-backup hutumia kadi moja huku nyingine ikisubiri. Haihitaji mpangilio wowote kwenye swichi, kwa hiyo unaweza kuchomeka kila kebo kwenye swichi yake, hata zikiwa swichi za kawaida kabisa. Haiongezi kasi, ila inastahimili kifo cha kadi, kebo au swichi nzima.

Modi ya 802.3ad, yaani LACP (kanuni ambayo seva na swichi hutumia kukubaliana kuunganisha poti), hutumia kadi zote kwa pamoja na kugawana mzigo, lakini ni lazima swichi nayo ipangwe, na poti zote mbili ziwe kwenye swichi moja au kwenye swichi zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja. Wengi hudhani kwamba wakiunganisha kadi mbili, faili moja litapakuliwa kwa gigabiti 2 kwa sekunde. Sivyo. Muunganisho mmoja wa TCP, kama upakuaji wa faili moja, hupita kwenye kebo moja tu, ili pakiti (vipande vya data) zisifike zikiwa zimepishana. Faida huonekana pale wateja wengi wanapoihitaji seva kwa wakati mmoja. Tena, seva huamua njia ya pakiti zinazotoka tu, na zinazoingia huamuliwa na swichi.

Mimi hushauri active-backup kwa yeyote asiye na mamlaka juu ya swichi. Vilevile, kadi yenye poti mbili ikiungua huondoka na poti zote mbili, kwa hiyo ni bora poti moja iwe ya ubao mama na nyingine ya kadi ya kuchomeka.

Hatua ya 2: Panga swichi

Kwa active-backup, ruka hatua hii. Kwa LACP kwenye swichi ya Cisco, ingia kwenye poti husika na uandike `channel-group 1 mode active`. Usitumie `mode on`, kwa sababu hiyo hulazimisha poti ziungane bila mazungumzo ya LACP, na kebo ikichomekwa pasipo mahali pake hakuna upande utakaogundua.

Hatua ya 3: Andika faili la Netplan

Hifadhi nakala ya faili la zamani lililomo kwenye /etc/netplan, kisha andika hivi, ukibadilisha majina na anwani ziendane na mtandao wako:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
    enp4s0:
      dhcp4: false
  bonds:
    bond0:
      interfaces: [enp3s0, enp4s0]
      addresses: [192.168.10.20/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1]
      parameters:
        mode: 802.3ad
        lacp-rate: fast
        mii-monitor-interval: 100
        transmit-hash-policy: layer3+4
```

Kwa active-backup, weka modi hiyo, uondoe mistari ya lacp-rate na transmit-hash-policy, na uongeze `primary: enp3s0`. Mstari wa mii-monitor-interval usiuache kamwe: ndio unaoiagiza kernel ikague kebo kila milisekunde 100, na bila huo seva inaweza kuendelea kutuma pakiti kwenye kebo iliyokatika.

Hatua ya 4: Washa ukiwa kwenye konsoli

Amri ya `netplan try`, ambayo kwa kawaida hurudisha mpangilio wa zamani usipothibitisha, haiwezi kurudisha vigezo vya bondi. Kwa hiyo kaa mbele ya seva au tumia konsoli ya mbali isiyotegemea kadi hizi, kisha endesha `sudo netplan apply`.

Hatua ya 5: Hakiki, kisha chomoa kebo

Soma /proc/net/bonding/bond0. Kwenye LACP, Aggregator ID (namba ya kundi ambalo kadi imo) ya kadi zote mbili iwe ileile. Na ukiona Partner Mac Address ni sufuri tupu, swichi haijajibu, hivyo rudi hatua ya 2. Halafu, kutoka kompyuta nyingine, endesha `ping -i 0.2 192.168.10.20` na uchomoe kebo ya kwanza kwa mkono. Pakiti chache zikipotea kisha majibu yakaendelea, irudishe, usubiri kadi ihesabiwe tena kuwa hai, ndipo uchomoe ya pili.

Hatua ya 6: Weka ulinzi

Bondi huficha hitilafu: kebo moja ikifa watumiaji hawatambui, na usipojulishwa utashtuka siku ambayo kebo ya pili nayo itakufa. Amri hii huhesabu mistari ya walio hai:

```
grep -c "MII Status: up" /proc/net/bonding/bond0
```

Jibu sahihi ni 3, yaani bondi yenyewe na kadi zake mbili. Iweke kwenye cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, kila dakika 5, ikutumie ujumbe jibu likishuka chini ya hapo.